Mapigo Yaliyonyooka Mno

Tarehe 3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua swali lako la kwanza ni kama nakula. Nakula. Sasa twende kwenye habari za maana.

Mashine zetu za kupima moyo zimetoka na toleo jipya, na toleo hilo ni la kwangu. Niache nijisifu kidogo, maana hapa kazini nikijisifu wananikunjia uso. Unakumbuka nilivyokueleza kwamba maagizo ninayoandika mashine yenyewe haiyaelewi? Katikati kuna programu iitwayo kompaila. Inachukua maandishi yangu na kuyageuza yawe amri ambazo mashine inaweza kuzifuata. Tuliyokuwa nayo ilikuwa kongwe, ya enzi za Bingwa. Huyo Bingwa ndiye mzee aliyeandika programu zetu za kwanza miaka kumi na moja iliyopita, na jina hilo alijipa mwenyewe. Nilipigania kompaila mpya mwaka mzima. Walinikatalia mara mbili. Mara ya tatu nikawawekea vipimo mezani: kazi ileile, nusu ya muda. Wakasaini. Sasa hospitali arobaini zimewekewa, na yenu imo. Mkurugenzi ameanza kuninong'oneza kuhusu ukuu wa kitengo. Kichwa kimenivimba, sikufichi.

Wodini kwako hakuna shida, ungeshaniambia. Ila kuna kichekesho. Ofisi ya mauzo imetuletea lalamiko namba 212, jina la hospitali limefutwa kama kawaida yao. Muuguzi mmoja anadai kwamba baada ya kumgeuza mgonjwa kitandani, mapigo kwenye skrini "yananyooka mno". Yananyooka mno, mama! Bingwa alilisoma kwa sauti ya mahubiri, tukacheka mpaka mama wa chai akaja kuchungulia. Watu hulalamika mashine ikikosea, huyu analalamika ikipatia. Nimemjibu: waya umelegea, ukazwe. Nadhani ni bibi fulani anayesubiri kustaafu na hapendi vitu vipya.

Msalimie Baba. Mwambie avae miwani.

Mwanao

*

Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako hajambo. Miwani amevaa, lakini juu ya paji la uso.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi. Wodi nzima inajua kwamba mashine hizi zimepita mikononi mwako. Nimewaambia madaktari, nimewaambia wafagiaji, nimemwambia hata mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu aliyelazwa kitanda cha pili, ingawa siku hiyo alikuwa na kipumulio usoni na hakuweza kunikimbia. Kwa hiyo jisifu, umepata wa kukusaidia.

Mara ya pili sikufurahi. Tuzungumze kuhusu huyo bibi anayesubiri kustaafu.

Wodini kwetu mgonjwa aliye mahututi zaidi hulala kitanda cha kwanza, karibu na meza yetu. Akiletwa mwingine aliyezidiwa kuliko yeye, wote wanasogezwa kitanda kimoja kuelekea mlangoni. Hapo kuna utaratibu, na kila anayekuja kwangu namfundisha siku ya kwanza: unaanzia mlangoni, kwenye kitanda kilicho wazi. Wa kitanda cha saba aende cha nane, wa cha sita aende cha saba, hivyo hivyo mpaka cha kwanza kibaki wazi. Ubao wa majina nao unabadilishwa hivyo hivyo.

Wiki iliyopita nilipata binti mpya, mwandiko wake kama wa mashine. Nikamwachia ubao. Yeye akaanzia juu. Akasoma jina la kitanda cha kwanza, akafuta la pili, akaliandika pale. Akashuka. Akasoma la pili, ambalo sasa ni lilelile la kwanza, akaliandika la tatu. Akaenda hivyo mpaka chini. Niliporudi nikakuta ubao unang'aa, mistari imenyooka, na wagonjwa wote wana jina moja. Yule binti alikuwa amesimama pembeni anangoja nimsifu. Dakika kumi baadaye tungempa mtu dawa ya mwenzake.

Unaona? Kitu kikipendeza kupita kiasi, ndipo muuguzi anapokisogelea. Miaka thelathini na mbili mtu anashika mikono ya wagonjwa, vidole vyake vinaishi maisha yao wenyewe. Labda huyo wenu alikuwa ameshika mkono wa mgonjwa wakati anatazama skrini. Labda mkono ulisema moyo unaruka kila pigo la tatu, na skrini ikasema uko shwari. Labda waya aliukaza, akaukaza tena, kabla ninyi hamjamwambia. Mimi sijui, nawaza tu.

Lisome tena hilo lalamiko. Ameandika "baada ya kumgeuza mgonjwa". Muuguzi hana muda wa kuandika neno la bure.

Mama

*

Tarehe 19 Machi

Mama,

Shikamoo, na usininunie zaidi ya hapo. Kazi yangu imeharibika na aliyeniharibia ni wewe na ubao wako.

Nilipofika pale binti alipoandika jina la kwanza juu ya la pili, niliweka barua mezani nikaenda maabara. Nikamfunga nyaya yule mdoli wetu wa majaribio, nikamwekea moyo mbovu, unaoruka, kisha nikautikisa waya kama anavyotikisika mgonjwa akigeuzwa. Mara ya kwanza hapakutokea kitu. Mara ya saba moyo wa mdoli ulikuwa unaruka na skrini yangu nzuri ikachora mapigo yaliyopangwa kama shanga. Nilikaa chini sakafuni, mama. Kiti kilikuwepo, ila sikukiona.

Nikueleze, kwa sababu wewe utaelewa haraka kuliko Mkurugenzi. Skrini inaonyesha sekunde kumi za moyo. Namba zake zimepangwa ndani ya mashine kwenye safu ya vyumba, kuukuu kushoto, mpya kulia. Zikija mpya, zilizopo zinasogezwa kushoto kupisha. Ni wodi yako, ila mlango uko kushoto. Sasa, zipo amri mbili za kunakili namba kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Moja inauliza kwanza: pale ninapotoa na pale ninapoweka panaingiliana? Pakiingiliana, inachagua upande salama wa kuanzia, kama wewe. Nyingine haiulizi. Wewe mwandishi unaiahidi kwamba sehemu hizo hazigusani, nayo inakuamini, na kwa sababu inakuamini inaenda mbio na kuanzia popote inapoona ni haraka.

Bingwa alitumia ile isiyouliza. Si hivyo tu. Safu ile ileile aliipa majina mawili, moja la namba za zamani na moja la namba za sasa, kisha akaapa kwa maandishi kwamba hayo ni mahali pawili tofauti. Ni kama mtu aape kwamba yule wanayemwita Sista wodini na mama yangu wa nyumbani ni watu wawili. Atakupangia zamu mbili kwa saa ileile, na kwa hesabu zake atakuwa sahihi. Kompaila haina macho ya kuona kwamba Sista na Mama ni mwili mmoja. Ina kiapo chetu tu.

Kompaila kongwe ilikuwa inaanzia kushoto kila mara, basi tu, ndiyo tabia yake, na kwa bahati huo ndio upande salama. Kwa hiyo uongo wa Bingwa uliishi miaka kumi na moja bila kumdhuru mtu. Juu ya mstari huo ameandika: "Usiguse. Unafanya kazi." Kompaila mpya, mzigo ukiwa mdogo, nayo inaanzia kushoto. Lakini waya ukitikisika, namba zinakwama, halafu zinaingia kwa mkupuo, sekunde mbili nzima. Mzigo ukiwa mkubwa hivyo, inaanzia kulia. Ina haki, tuliiahidi. Hapo kipande cha mwisho kinajiandika juu ya kilichokitangulia, na juu ya kingine, mara nne. Kama sekunde hizo mbili zilikuwa nzuri, skrini yote inakuwa nzuri. Na king'ora kinasoma safu hiyohiyo, kwa hiyo kinakaa kimya.

Nilimwonyesha Bingwa. Alisema kompaila yangu ndiyo mbovu, kwa sababu yake haikukosea hata siku moja. Nilimwonyesha Mkurugenzi. Yeye alinisikiliza vizuri, akanimiminia chai kwa mkono wake, akasema turekebishe kimya kimya, fundi aweke programu mpya wakati wa ukaguzi wa kawaida mwezi wa Juni. Hakuna aliyekufa, akasema. Tukitangaza, hospitali zitauliza nani aliyeleta kompaila mpya, na jibu wanalijua wote hapa. Kisha akanikumbusha ule ukuu wa kitengo.

Mstari ni mmoja, mama. Kuurekebisha kulinichukua muda mfupi kuliko kukuandikia barua hii. Kuusema ndiko kunakonishinda. Mkurugenzi sijamjibu. Wewe ungefanyaje?

Mwanao

*

Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba.

Mwalimu wa kitanda cha pili ameanza kutetemeka. Waya wake hautulii. Nimewapanga wauguzi wamshike mkono kwa zamu, nusu saa kila mmoja, mchana kutwa, wanahesabu kwa vidole na kuandika kwenye karatasi. Tuko wanne. Wagonjwa ni wanane.

Swali lako nimelisoma.

Mama

*

Tarehe 30 Machi

Mama,

Shikamoo.

Ni wewe.

Barua yako ilifika saa nne asubuhi, nikakumbuka ulivyowaza juu ya mkono na lile pigo la tatu. Saa nne na robo nilikuwa ofisi ya mauzo nikidai karatasi halisi ya lalamiko 212, siyo ile waliyotupigia chapa. Karani akasema ni siri. Nikamwambia nitakaa juu ya meza yake mpaka siri iishe. Akanipa. Nyuma ya fomu ya joto la mgonjwa umechora yale mawimbi kwa kalamu ya risasi, manne, yote yana kinundu kilekile upande wa kulia, na chini umeandika: "Moyo wa binadamu haurudii hivi." Ule mwandiko ndio ulionifundisha kusoma. Karani aliniuliza kama nataka maji.

Niliwachekesha watu kwa maneno yako. Nilikuita bibi. Nilikuambia ukaze waya! Nimeona aibu mpaka masikio yakauma, halafu nikakasirika, na bado nimekasirika. Ungeniambia tu. Ungesema "mwanangu, ni mimi", ningeacha kila kitu siku ileile, na mwalimu wako asingehitaji wauguzi wanne. Kwa nini ulininyima neno hilo moja?

Sasa nikwambie nilichofanya. Nilikwenda kwa Mkurugenzi na ile karatasi. Nikamwambia barua inakwenda leo kwa hospitali zote arobaini: mashine zetu zina kosa, mgonjwa akitikisika msiamini skrini wala king'ora, shikeni mkono mhesabu, mafundi wako njiani. Akasema kampuni haiwezi kusaini barua ya namna hiyo. Nikasema basi nitasaini mimi. Akauliza kama najua ninachokitupa. Nikamwambia najua, na nikakaa palepale mbele yake nikaiandika. Alipomaliza kuisoma akagonga muhuri. Ukuu wa kitengo amepewa jamaa wa chumba cha pili. Simlaumu, anajua kazi.

Bingwa aliusikia mjadala wote kupitia ukuta, kuta zetu ni za mbao. Alinifuata kwenye mashine ya kunakilia. Nilijua amekuja kugomba. Akaisoma barua, akarudia pale nilipoandika "mstari wa zamani", akasema, "Andika kwamba ni wangu. Usinifunike kama mtoto. Nilipokuwa nikisifiwa nilikuwa nalitaja jina langu." Kwa hiyo jina lake lipo kwenye aya ya pili. Ya tatu ni yangu: kompaila niliileta mimi, lalamiko lilipokuja nililidharau mimi.

Mafundi wameanza safari. Nimewaambia waanzie kwenu.

Ile barua ya hospitali itabandikwa kwenye ubao wako wa matangazo, mama, mbele ya wote uliowatambia. Nimeiandika nikijua hivyo. Kama nimekuvunjia heshima, nisamehe. Nyingine sikuweza kuandika.

Mwanao

*

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena.

Kasirika. Una haki. Lakini nisikilize kwanza.

Ningekuambia ni mimi, ungekimbia kwa sababu mama yako kasema. Mimi sikutaka unisikilize kama mama. Kesho lalamiko litatoka kwa muuguzi ambaye hakukuzaa, katika wodi usiyoijua, naye ana mgonjwa wake wa kitanda cha pili. Huyo ataitwa nani ili mumsikilize? Basi nikanyamaza, nikajikaza. Na nisijifanye mwema kupita kiasi: nilikuwa pia naona haya. Nilikuwa nimekuimba kwa miezi. Daktari wa wodi aliponiona naandika lile lalamiko alicheka, akaniambia, "Sista, unamshitaki mwanao?" Nililiandika hivyohivyo. Uliponijibu kwamba nikaze waya, niliificha karatasi ya jibu kwenye mfuko wa sare yangu, asiione mtu. Siku zile zote za kumshika mkono mwalimu kwa zamu, kila nilipokaa pale nilikuwa najiuliza kama nakosea kukuficha. Mpaka leo sina jibu. Hilo nalikubali, na ni langu.

Mafundi walifika Jumatano, wawili, na sanduku. Walizipitia mashine zote nane kabla ya chakula cha mchana. Nikawaambia wamtikise mwalimu wa kitanda cha pili. Wakasita. Mwalimu mwenyewe akautikisa waya, mara kumi, huku anahesabu kwa sauti. Skrini ikaonyesha moyo wake kama ulivyo, mbovu, unaruka kila pigo la tatu, na king'ora kikalia wodi nzima ikashtuka. Sijawahi kufurahia kelele kiasi hicho. Daktari alibadilisha dawa siku hiyohiyo. Jana mwalimu aliketi kitandani, akanywa uji, na sasa ananisumbua nimletee karatasi amfundishe yule binti wa ubao kugawanya.

Barua yako ya hospitali ilikuwa imewatangulia siku moja, kabla sijapata hii uliyoniandikia mimi. Ilikuja asubuhi, wakati wa kupokezana zamu, wote tukiwa tumesimama kwenye meza: wanaotoka, wanaoingia, daktari, hata mfagiaji. Matangazo husomwa na msimamizi, na msimamizi ni mimi. Nikaifungua nikijua imetoka kwenu, bila kujua nani kaiandika. Nikaisoma kwa sauti. Aya ya kwanza, ya pili. Ya tatu nilipofika "nililidharau mimi" nikaona jina lako chini yake, nikainua macho kutoka kwenye karatasi. Wakadhani nitairuka. Nikarudi mwanzo wa aya ile nikaisoma upya, polepole, mpaka nukta ya mwisho.

Wanajua wote ni nani. Daktari akanisogelea, akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya chini, ile wanayotumia na ndugu wa marehemu, "Pole sana, Sista."

Nikamuuliza, "Pole ya nini?" Nikamgeuzia karatasi, nikamwekea kidole juu ya sahihi yako. "Soma hapo. Huyo ndiye mwanangu niliyekuwa nawaambia."

Mama yako